Sanduku Langu Lililobaki Murukulazo

Nilipohama Murukulazo kwenda kuishi kwa binti yangu Biharamulo nilibeba mfuko mmoja. Ulikuwa na nguo za kubadilisha, kitabu cha sala, miwani na dawa zangu za shinikizo la damu. Vitu vingine vyote nilivyokuwa navyo hapa duniani vilibaki chumbani kwangu: sanduku la bati lenye kufuli, baiskeli, redio, majembe mawili, na kigoda ambacho marehemu mke wangu alikuwa akikikalia anapochambua maharage. Ufunguo wa chumba nilimwachia mdogo wangu, nikidhani nitavifuata baada ya wiki mbili. Ikapita miaka miwili, na katika miaka hiyo mdogo wangu hakukubali nipewe hata kijiko.

Wazazi wetu walizaa wengi, tumebaki wawili. Nyumba yangu na yake zinatazamana, katikati kuna uwanja wa kuanikia kahawa na maharage, na migomba imezizunguka pande zote. Yeye ni mtu wa migomba na maneno mengi. Mimi ujanani nilipelekwa Rulenge kusomea ukatekista, nikarudi kufundisha dini katika kigango chetu, kikanisa kilicho chini ya parokia, mpaka macho yalipochoka. Watu wananiita mwalimu. Mdogo wangu huniita kaka akiwa na furaha, na akiniita mwalimu najua nimemuudhi.

Mke wangu alipofariki, binti yangu alisema hawezi kulala akijua napika mwenyewe. Nikakubali kuhama. Siku ya kuondoka iliangukia katikati ya Kwaresima. Sikuichagua. Mkwe wangu anafanya kazi ya kushughulikia mizigo ya malori pale mpakani Rusumo, na Jumamosi hiyo alikuwa anarudi nyumbani Biharamulo na gari lenye nafasi.

Kwetu mtu hahami kimyakimya. Ndugu anayebaki anapika pombe ya ndizi, majirani wanaitwa, mtungi unawekwa katikati ya uwanja, na baada ya mpishi kuonja, anayeondoka anapewa mrija kabla ya watu wengine wote. Mdogo wangu alifanya hayo yote. Kilima kizima kilikuja. Lakini mimi tangu ujana wangu sinywi pombe katika Kwaresima, na niliamini kila mtu pale anajua hivyo. Mrija uliponifikia nilisema, kwa ile sauti yangu ya kigangoni:

"Ndugu zangu, niko kwenye mfungo. Nipeni maji."

Shemeji, mke wa mdogo wangu, akaniletea maji kwenye kikombe. Nikanywa, nikawashukuru, nikaongoza sala fupi, nikaingia kwenye gari. Nilipogeuka nilimwona mdogo wangu amesimama peke yake kando ya mtungi na mrija mkononi. Nilidhani ananipungia.

Wiki mbili zilipopita nilimpigia simu.

"Vitu vyangu vikoje?" nikamuuliza.

"Vipo. Havijaota miguu."

"Nataka kumtuma mkwe avichukue."

"Mwalimu, huku mtandao unasumbua," akasema, na simu ikakatika.

Mkwe alikwenda hata hivyo. Alirudi na mkungu mkubwa wa ndizi, mzuri kweli, na gari likiwa tupu. Mdogo wangu alikuwa amempokea vizuri, akamlisha, kisha akamwambia, "Mwambie mwalimu aje mwenyewe." Mwaka ukapita. Mtu mmoja wa kwetu niliyekutana naye sokoni Biharamulo aliniambia ameiona baiskeli yangu imebeba ndizi kuelekea gulioni. Mwingine akasema redio yangu inasikika mpaka barabarani.

Binti yangu alichoka kabla yangu.

"Baba, hii ni dhuluma," alisema siku moja tukiwa tunamenya viazi. "Twende baraza la kata. Vitu ni vyako, watu wote wanajua."

"Mimi na yule tumenyonya ziwa moja. Siwezi kusimama naye mbele ya watu tukigombea kigoda."

"Basi nenda mwenyewe ukamuulize ana nini."

"Nitasubiri. Mungu atamgusa moyo."

"Na wewe atakugusa lini?" akasema, akaendelea kumenya.

Niliita hali ile subira, na nikamshukuru Mungu kwa kunijalia. Leo nikiikumbuka naona nilikuwa nakaa tu Biharamulo nikingoja mwenzangu ainame kwanza.

Wiki kadhaa baada ya Pasaka mama mmoja wa upande wa kwetu alifika kwa binti yangu akiwa na msichana mkubwa. Walikuwa wamepanda basi alfajiri. Msichana alipiga magoti akanisalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?"

"Huyu ni wako," mama yake akadakia. "Ulimbatiza siku ile ile aliyozaliwa. Sasa anataka kuolewa, na padre hamwoni kwenye kitabu."

Wakanieleza. Msichana alizaliwa Murukulazo wakati wa mvua kubwa, akiwa hana pumzi, na bibi yake akatuma mtu aniite. Nilimbatiza ubatizo wa hatari, ule ambao Mkristo yeyote anaweza kuutoa mtu akiwa anakaribia kufa. Mtoto akapona. Muda mfupi baadaye wazazi walihamia kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na huko mtoto akakua bila kigango wala mafundisho. Sasa amerudi, amepata mchumba, anataka ndoa ya kanisani. Paroko, padre kijana na mwenye utaratibu, alikuwa amewaambia hivi: ukija ushahidi wa ubatizo kabla ya Pentekoste, msichana atamaliziwa mafundisho na kufunga ndoa baada ya mavuno. Usipokuja, ataandikwa pamoja na wakatekumeni, wale wanaoanza mafundisho ili wabatizwe, na safari hiyo ni ya miaka miwili.

"Mwalimu, unanikumbuka?" msichana akaniuliza.

Nilitaka sana kusema ndiyo. Mvua ile naikumbuka, ilivunja daraja, na watoto wengi waliugua. Niliitwa nyumba nyingi. Nakumbuka moshi wa kuni mbichi na vichwa vidogo vyenye moto mikononi mwangu. Lakini nyumba ipi, mtoto yupi, yote yamechanganyika.

"Sikukumbuki, mwanangu. Na nisichokikumbuka siwezi kukiapia."

"Mimi mwenyewe nilikuwa nimezimia," mama akasema. "Aliyenieleza ni mama mkwe, naye hayupo tena."

Msichana alipotoka kwenda kumsaidia binti yangu jikoni, mama alisogeza kiti karibu.

"Miaka miwili kijana hatasubiri, mwalimu. Ni kijana mzuri, ila kwao wameanza kunong'ona kwamba huyu hana hata cheti cha ubatizo."

Hapo nilijua kosa ni la nani. Kila niliyembatiza nilimwandika kwenye daftari langu, na mwisho wa mwezi nilipeleka majina parokiani yakaandikwe kwenye kitabu kikubwa. Mwaka ule daraja lilipovunjika sikufika parokiani miezi mitatu. Daftari likajaa, nikaanza jipya, na barabara ilipofunguka nilipeleka jipya tu. La zamani nililitia kwenye sanduku nikasema nitalipeleka safari ijayo. Sikulipeleka. Msichana huyu ameishi miaka ishirini na kitu akiwa amebatizwa mbele ya Mungu na hajulikani parokiani, kwa sababu ya uvivu wangu. Na ushahidi upo ndani ya sanduku, na sanduku liko kwa mdogo wangu.

"Nendeni nyumbani," nikamwambia mama. "Mwambieni paroko nakuja kabla ya Pentekoste."

Pentekoste ilikuwa imebakiza siku kumi na moja. Siku iliyofuata, Alhamisi, nilipanda basi, nikapita Nyakahura nikisali rozari, na mchana pikipiki ikanishusha nyumbani.

Shemeji alikuwa anageuza maharage kwenye turubai. Alishtuka, akaja mbio kunipokea mfuko.

"Shikamoo, shemeji!" Kisha akapaza sauti kuelekea migombani, "Njoo, tumepata mgeni!"

Neno hilo liliniuma. Mgeni, katika uwanja niliousawazisha kwa jembe langu.

Mdogo wangu akatoka migombani na mundu wa kukatia majani makavu. Alikuwa amekonda kidogo.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. Nikajua tulipo.

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Nzuri. Za mjini?"

Akavuta kigoda cha mke wangu, akakalia, nami nikapewa kiti cha plastiki. Sikutaka kuanza na kigoda.

"Nimefuata sanduku," nikasema. "Kuna daftari ndani, nalihitaji."

"Daftari la nini?"

"La kazi."

"Kazi si ulistaafu?"

Ningemweleza habari ya msichana wakati ule, mambo yangekwenda haraka. Lakini ningelazimika kukiri mbele yake kwamba mimi, niliyemgombeza maisha yote kwa uzembe, nilisahau roho ya mtu ndani ya sanduku. Niliona aibu, nikageuza maneno.

"Mdogo wangu, nimekukosea nini?"

Akacheka, akamgeukia mkewe. "Umesikia? Anauliza."

"Si umwambie," shemeji akasema. "Miaka miwili unanisimulia mimi, na mimi sikuondoka."

Mdogo wangu akaweka mundu chini.

"Ulikunywa maji," akasema.

"Nini?"

"Nilipika mtungi. Mtungi wa kwanza tangu tumzike shemeji yangu. Nikaita kilima kizima waje tumuage kaka yangu. Nikaonja mbele yao, nikakupa mrija, ukaomba maji. Unajua waliniuliza nini ulipopanda gari? Waliniuliza, 'Kaka yako anaogopa umemwekea sumu?'"

Nimekulia kilima kile. Najua kwetu mpishi anaonja kwanza ili watu waone pombe ni salama, na anayekataa mrija baada ya hapo amesema jambo zito bila kufungua mdomo. Nilijua hayo kabla sijajua sala ya Baba Yetu. Lakini siku ile nilikuwa nafikiria mfungo wangu tu.

"Mlijua nafunga," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Tulijua. Ungegusa mrija kwa mdomo, basi. Nani angepima umevuta kiasi gani? Mungu?"

"Watu waliondoka mmoja mmoja," shemeji akaongeza taratibu. "Hakuna aliyekunywa."

"Mtungi mzima niliumwagia migomba," mdogo wangu akasema. "Migomba haikuogopa sumu."

Maisha yangu yote ya ukatekista nilifundisha kwamba mfungo unaomwumiza jirani ni njaa tu. Niliwafundisha watoto, wachumba, wazee. Nikamwangalia mdogo wangu kwenye kigoda kile na nikaona sanduku langu halikuzuiwa kwa tamaa. Alikuwa ameshika kitu changu ili nilazimike kurudi.

"Nimekosa," nikasema.

"Neno hilo haliwezi kusemwa hapa mbele ya maharage," akajibu. "Ulikosea mbele ya mtungi, liseme mbele ya mtungi."

"Basi kuna pombe wapi?"

"Pombe haipikwi kwa simu, mwalimu. Kesho tunavundika ndizi. Ukiwa na haraka, basi la kurudi liko saa kumi."

Nikapiga hesabu. Ndizi shimoni mpaka Jumanne, kukamua Jumatano, kunywa Alhamisi. Ijumaa ningeweza kuwa parokiani. Pentekoste ilikuwa Jumapili. Nikasema nitakaa.

Alinipa ufunguo wa chumba changu. Humo ndani kulikuwa kumefagiwa, na kitanda kilitandikwa shuka safi. Baadaye shemeji aliniambia alikuwa akikitandika kila Jumamosi. Sanduku lilikuwa pale pale chini ya dirisha. Na jambo ambalo mdogo wangu alilijua, na mimi nilijua analijua, ni kwamba ufunguo wa kufuli lile ulikuwa kwenye mfuko wa shati langu siku zote.

Siku sita nilikaa na sanduku lile kwenye chumba kimoja. Kila asubuhi nikimaliza sala nilikaa ukingoni mwa kitanda nikaliangalia. Ningeinama tu, nigeuze ufunguo, nitoe daftari, nani angejua? Msichana alikuwa anangoja. Sababu yangu ilikuwa njema, na kwa sababu njema mtu huweza kujiruhusu mengi. Lakini vitu vyangu vilikuwa mikononi mwa mtu niliyemwaibisha, na nikiviiba nitakuwa nimemwaibisha mara ya pili. Nilirudisha ufunguo mfukoni na kwenda kufanya kazi.

Tulichimba shimo pamoja, tukalitandika majani ya mgomba, tukazipanga ndizi na kuzifunika. Mdogo wangu aliniangalia nikihema.

"Mikono imekuwa ya ofisini," akasema.

"Biharamulo nina kazi gani zaidi ya kula?"

"Na hukunenepa. Binti yako anakula peke yake."

Nilikwenda kupalilia kaburi la mke wangu, nikakuta limeshapaliliwa, nikapalilia hivyo hivyo. Jumatano tulimenya ndizi zilizoiva, tukazikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao mpaka juisi ikatoka na povu. Shemeji akaleta mtama aliokuwa ameukaanga na kuusaga. Katikati ya kazi mdogo wangu alisema bila kuinua kichwa, "Kaka, nisogezee nyasi hizo." Nikamsogezea. Sikusema kitu, nisije nikamkumbusha kwamba alikuwa amekasirika.

Alhamisi mchana majirani walikuja, pungufu kidogo ya mara ile, kwa sababu wengine wameshatangulia. Mtungi ukawekwa katikati ya uwanja. Mdogo wangu akaonja, akanyoosha mrija kwangu.

"Kabla sijanywa," nikasema, "mara ile nilimkosea ndugu yangu mbele yenu. Pombe yake ilikuwa safi. Kiburi kilikuwa changu."

Nikainama nikavuta, na si kidogo. Mzee jirani yetu, asiyeweza kukaa na neno tumboni, akauliza:

"Leo maji yameisha kisimani?"

Watu wakaangua kicheko, na mdogo wangu alicheka kuliko wote, mpaka akajifuta macho kwa kiganja. Mrija ukazunguka. Mtungi ulipofika nusu aliinuka bila kuambiwa, akaingia chumbani kwangu, akatoka amebeba sanduku begani. Akaliweka miguuni pangu mbele ya watu wote.

"Mali ya mwalimu. Fungua, wahesabu waone sikugusa."

Kufuli liligoma kidogo, kisha likafunguka. Juu palikuwa na vitenge vya mke wangu, vikavu na vizuri, na rozari yake ndani ya kikopo cha mafuta. Chini ya hapo palikuwa na vyeti vyetu. Nilipofika kwenye madaftari, mkono wangu ulikutana na udongo. Bati la chini lilikuwa limeliwa na kutu, na mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni. Madaftari ya juu yalikuwa na matobo. La chini kabisa, lile la mwaka wa daraja, lilikuwa limebaki jalada na kitu kama keki ya udongo. Nikalinyanyua, likamwagika mapajani mwangu.

Uso wa mdogo wangu ulikuwa umebadilika.

"Kaka, sikufungua," akasema. "Wallahi sikufungua. Sikujua."

"Najua hukufungua."

"Lilikuwa na nini?"

Sasa sikuwa na la kuficha. Nikasema yote mbele ya kilima: msichana, bibi yake, machimbo ya Geita, paroko, na kwamba daftari hili nilipaswa kulipeleka parokiani zaidi ya miaka ishirini iliyopita na sikulipeleka. Nilisema nilimbatiza lakini sikumbuki, na kwa hiyo siwezi kuapa, na msichana atapoteza mchumba kwa ajili yangu.

Mdogo wangu alikuwa ananisikiliza huku amekunja uso kama mtu anayehesabu.

"Ngoja," akasema. "Mtoto wa wale waliokuwa ng'ambo ya kijito? Waliokwenda kwenye dhahabu? Yule aliyezaliwa na rangi ya ndizi iliyolala kwenye baridi?"

"Mama yake anasema hakuwa na pumzi."

"Kaka, maji ya ubatizo ule niliyaleta mimi."

Nikaliweka jalada chini.

"Ulinikuta njiani nikitoka kutengeneza pombe kwa watu, ukaniambia twende. Ukanituma maji. Nikachota kwa kopo nililokuwa nalo. Ukalinusa, ukanigombeza! Ukasema kopo linanuka pombe, huwezi kumbatiza mtu kwa kopo la pombe, nikalioshe. Nikarudi mpaka kijitoni kwenye mvua ile. Na mtoto anakufa!"

Watu wakaanza kucheka tena.

"Njia nzima nasema moyoni, Mungu atakataa mtoto kwa sababu ya harufu ya ndizi? Nikarudi, ukamwaga maji mara tatu, ukasema maneno, ukampa jina la bibi yake. Na yule mtoto akapiga kelele. Umesahau kweli?"

Nilikuwa nimesahau. Hata aliposimulia sikuliona kopo wala kijito. Lakini kugombeza kule nilikutambua. Ilikuwa sauti yangu hasa.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?" nikamuuliza.

"Uliniuliza? Umekaa wiki nzima unasema daftari, daftari. Ungeniambia mtoto, ningekwambia kopo."

Ijumaa asubuhi tulikwenda parokiani wawili, yeye akiendesha baiskeli yangu, mimi nimekaa nyuma, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu tukiwa vijana. Mama na msichana walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Msichana aliona mikono yangu mitupu.

"Daftari halipo, mwalimu?" akauliza.

"Daftari limeliwa na mchwa, mwanangu. Nimekuja na huyu."

Alimtazama mdogo wangu, shati lake la madoa ya ndizi na ndala zake, na nikaona anajitahidi kutokata tamaa.

Paroko alitusalimu kwa heshima, akatukalisha, akachukua karatasi. Mimi niliungama kosa langu kwanza. Kisha akamgeukia mdogo wangu, akamwapisha, akamuuliza alikuwa wapi siku ile, nani alikuwepo, mwalimu alifanya nini. Mdogo wangu alijibu lote bila kukwama: mvua, bibi, mtoto, maji mara tatu, maneno ya ubatizo neno kwa neno, na jina la msichana. Jina hilo hatukuwa tumemtajia. Paroko alilinganisha na alichoandikiwa na mama, akaitikia kwa kichwa polepole.

"Inatosha," akasema. "Shahidi mmoja mwaminifu anatosha."

Mama alijifunika uso kwa khanga. Msichana hakulia. Aliinuka, akampigia magoti mdogo wangu, akamsalimu upya, kama mtu anayesalimu mzazi.

Paroko akafungua kitabu kikubwa cha ubatizo, akaandika jina la msichana pembeni mwa ukurasa wa mwaka ule. Chini yake akaandika jina langu, na mbele ya langu jina la shahidi. Mdogo wangu, ambaye hajakanyaga kigangoni tangu sijui lini, alisogea kuangalia. Tumezaliwa nyumba moja, na sikumbuki kama majina yetu yaliwahi kuandikwa kwenye mstari mmoja kabla ya siku ile. Nilimshukuru Mungu kwa mchwa.

Vitu vyangu nimevigawa. Vitenge na rozari nilikuja navyo Biharamulo. Baiskeli, redio na majembe vinafanya kazi zaidi Murukulazo kuliko ambavyo vingefanya hapa. Kigoda nilikiacha chumbani kwangu, na nikienda nakikuta pale. Sanduku nalo lilibaki. Mdogo wangu ameliweka juu ya mawe manne, ingawa halina kitu ndani.

Lakini nirudi ofisini kwa paroko, maana nimebakiza neno moja. Paroko alipomaliza kuandika alifunika kalamu yake, na mdogo wangu akainua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, padre. Hujamaliza."

"Bado nini, mzee?"

"Andika na hili," akasema, akinitazama mimi. "Kopo lilioshwa."